Filamu ya kigeni ni ipi kwa mkaazi wa Kawangware?

Haya ni mazungumzo ya mpenzi wa filamu, mkaazi wa Kawangware, mbele ya wakaazi wa Dagoretti Kaskazini na Westlands waliokutana kujadili matumizi ya kumbi za kijamii. Tumeyachapisha karibu yote kama yalivyotolewa.

 Nimeombwa nizungumze kuhusu filamu, nami sijasomea filamu popote. Mimi ni mtazamaji tu. Lakini nimetazama nyingi, na kwa miaka michache iliyopita nimejifunga kutazama zile ambazo si za Kiingereza. Nimeona za Kikorea, za Kijapani, za Kihindi, za Kiwolof, za Kifaransa na za Kireno. Nitawapa maoni yangu kuhusu chache kati ya hizo, nilichokipenda na kilichonikera, halafu nitasema kwa nini naona jambo hili linahusu kumbi zetu na ushuru mnaolipa.

Kwanza tuulizane: filamu ya lugha ya kigeni ni ipi? Wamarekani wanaotoa tuzo za Oscar walikuwa na kitengo chenye jina hilo hilo mpaka mwaka wa 2019, walipokibadilisha kikawa cha filamu bora ya kimataifa. Mwaka wa 2012 Kenya ilipeleka filamu katika kitengo hicho kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa Nairobi Half Life ya mwelekezi David "Tosh" Gitonga. Wengi hapa mnaikumbuka. Kijana Mwas anatoka mashambani kuja kutafuta uigizaji, na siku hiyo hiyo anaposhuka mjini anaporwa kila alichobeba. Watu wa filamu ile wanazungumza Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Kwa hiyo maneno ambayo makanga wa 46 hukuitia gari kila jioni, kule ni lugha ya kigeni. Baadaye tukapeleka Kati Kati, tukapeleka Supa Modo, na mwaka wa 2024 tukapeleka Nawi ya kule Turkana. Zote zilikuwa za kigeni kwao.

Sasa geuza upande wa pili. Hapa kwetu, kijana akienda kibanda cha video kuona Wamarekani wakifukuzana kwa magari, hasemi anaenda kuona filamu ya kigeni. Anasema anaenda kuona muvi. Kiingereza tumekizoea hata hatukioni, kama mtu asivyoona miwani aliyoivaa. Lakini mpeleke akaone filamu ya Senegal, ya Mwafrika mwenzake, ataambiwa ni ya kigeni na atakaa mbali. Mimi nadai mambo ni kinyume. Filamu hizi si ngeni kwetu hata kidogo. Kilicho kigeni ni yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na ndiyo yanayowafungia mlango wakaazi wengi wa mitaa hii.

Nianze na ile inayojulikana zaidi, Parasite ya Bong Joon-ho kutoka Korea Kusini. Ilitoka mwaka wa 2019 ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora kuliko zote. Kuna familia inayoishi katika nyumba iliyozama nusu chini ya ardhi, dirisha lake likiwa usawa wa barabara, mlevi akija kukojoa nje wao wanamtazama miguu. Mmoja baada ya mwingine wanapata kazi kwa tajiri anayeishi mlimani: huyu mwalimu wa mtoto, huyu dereva, huyu mfanyakazi wa nyumba. Kutoka hapa Kawangware kwenda Lavington ni mwendo wa miguu, na kuna watu katika ukumbi huu wanaoutembea kila asubuhi saa kumi na mbili. Wao hawahitaji profesa wa kuwafafanulia filamu ile.

Kitu kilichonichoma ni harufu. Tajiri hamtukani dereva wake hata siku moja. Anasema tu kwamba ana harufu fulani, ile ya watu wanaopanda treni za chini ya ardhi. Halafu inakuja mvua. Usiku mmoja maji ya mitaro yanafurika ndani ya ile nyumba ya chini, familia inalala katika ukumbi wa michezo pamoja na waathiriwa wengine, na asubuhi yake mama tajiri yumo garini anasifu mvua kwa simu kwamba imesafisha hewa. Dereva yuko mbele anaendesha, kimya. Niliiona tena baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hapa Nairobi, na nikashindwa kuimaliza kwa mkao mmoja.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sasa. Inaitwa All We Imagine as Light, ya mama mmoja Mhindi, Payal Kapadia. Ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa kule Cannes mwaka wa 2024. Msitarajie densi na mavazi ya kumetameta kama tulivyozoea kwa filamu za Kihindi. Hii ni ya wauguzi wawili, Prabha na Anu, waliotoka Kerala kusini mwa India kwenda kufanya kazi Mumbai. Kwao wanasema Kimalayalam, mjini watu wanasema Kihindi na lugha nyingine. Kuna daktari mmoja, naye wa kwao, anayehangaika kujifunza Kihindi na hakimwingii. Filamu inaanza na sauti za watu wa Mumbai, kila mmoja kwa lugha yake, wakieleza walivyofika mjini na jinsi wasivyoweza kusema kwamba ni kwao hata baada ya miaka mingi. Nenda pale stendi ya Kangemi jioni usikilize. Utasikia Kiluhya, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kikisii kabla gari halijajaa, na ukiwauliza kwao ni wapi, watakutajia kijiji.

Prabha ameolewa, lakini mume yuko Ujerumani na simu zimeisha. Siku moja anafika mzigo bila barua. Ndani kuna chombo cha umeme cha kupikia wali. Usiku, nyumba ikiwa giza, Prabha anakishika kile chombo na kukikumbatia. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Ni wangapi hapa wana mtu Doha, au Riyadh, au Marekani, anayetuma vitu badala ya maneno?

Lakini nimewatajia filamu hii zaidi kwa ajili ya mama mwingine anayeitwa Parvaty. Yeye ni mpishi wa ile hospitali. Amekaa katika chumba chake kwa miaka zaidi ya 20. Mjenzi wa magorofa anataka kiwanja, na Parvaty hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba amewahi kuishi pale, kwa sababu mambo ya karatasi aliyajua marehemu mumewe na hakumwambia. Wanampeleka kwa wakili, wakili anauliza hati, hakuna hati. Basi. Usiku mmoja yeye na Prabha wanalirushia mawe bango la yule mjenzi, wanacheka kama wasichana, halafu Parvaty anafunga vyombo vyake anarudi kijijini pwani. Mimi nimeona majirani wakifunga vyombo hivyo hivyo. Najua kuna wajane wengi ambao hawajui hati ya ploti iko wapi, au kama ipo. Kama afisa wa ardhi angetaka kuwaeleza wakaazi umuhimu wa kuweka stakabadhi, angetengeneza bango, angefanya baraza, na watu wangesinzia. Hii filamu ya saa mbili ingewafanya waende nyumbani wakafungue sanduku usiku huo huo.

Nikija kwa Perfect Days, hapo nitagombana kidogo na watu. Ilielekezwa na Mjerumani, Wim Wenders, lakini ni ya Kijapani na imepigwa Tokyo. Mwigizaji mkuu, Koji Yakusho, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kule Cannes mwaka wa 2023. Anaigiza mzee Hirayama ambaye kazi yake ni kuosha vyoo vya umma. Ndiyo, vyoo. Anaamka kabla ya jua, anamwagilia miche yake, ananunua kahawa ya mkebe, anawasha gari na kuweka kaseti ya nyimbo za zamani, anaosha choo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ana kioo kidogo cha kuangalia chini ya ukingo pale ambapo jicho halifiki. Saa ya chakula anaketi bustanini na kupiga picha ya mwanga unaopita kati ya majani ya mti. Kesho tena.

Nimeipenda kwa heshima inayompa mtu wa kazi hiyo. Nairobi tunawajua. Yule anayekaa mlangoni mwa choo katikati ya jiji na karatasi zake na sarafu zake, ni nani kati yetu anayejua jina lake? Tulipojengewa Ikotoilet pale Aga Khan Walk watu walikishangaa choo. Aliyekuwa akikiosha hakuna aliyemshangaa. Filamu hii inamtazama huyo kwa saa mbili.

Ugomvi wangu ni huu. Vyoo vile vya Shibuya ni 17, vilichorwa na wasanifu majengo mashuhuri wa dunia. Kimoja kina kuta za kioo unachoweza kuona ndani, ukifunga mlango kioo hakionyeshi tena ndani. Filamu yenyewe ilizaliwa kutokana na mradi wa vyoo hivyo. Wenders aliitwa kwanza atengeneze filamu fupi fupi za kuvionyesha. Ndiyo maana havina uchafu wa kweli. Mzee Hirayama anaosha vyoo ambavyo tayari vinang'aa, na anatabasamu. Mtu anayefanya kazi hiyo hapa angeuliza swali la kwanza: analipwa ngapi? Filamu haisemi. Kuna siku moja tu inapokaribia ukweli, pale kijana wanayefanya naye kazi anapoacha ghafla na mzee analazimika kumaliza zamu mbili peke yake. Usiku anampigia mkubwa wake simu, anamfokea kwamba hataweza tena kesho. Hapo nilimwamini kuliko katika matabasamu yake yote.

Io Capitano niliiona jioni moja mjini, na nilitoka nimekaa kimya mpaka Kawangware. Ni ya Mwitaliano, Matteo Garrone, ya mwaka wa 2023, lakini lugha yake kubwa ni Kiwolof. Vijana wawili wa Dakar, Seydou na Moussa, wana miaka 16. Wanafanya vibarua vya ujenzi kwa siri wakiweka akiba, wanaondoka bila mama kujua, wanapita Mali, Niger, jangwa la Sahara, magereza ya Libya. Mwishowe Seydou, ambaye hajui hata kuogelea, anapewa usukani wa mashua iliyojaa watu. Aliyemwigiza, Seydou Sarr, hakuwa amewahi kuigiza filamu, na Venice wakampa tuzo ya mwigizaji chipukizi.

Nilipenda kwamba hawa si vijana waliokufa njaa. Wana mama, wana dada, wana ngoma na simu. Wanataka tu kuona dunia, kama vijana wetu. Wanaosema kwamba kila anayekwenda Ghuba au Ulaya amefukuzwa na njaa wangejifunza kitu hapa. Sikupenda mwisho. Pwani ya Italia inaonekana, kijana anapiga kelele za ushindi kwamba yeye ndiye nahodha, na filamu inakatika pale. Vijana wengi walioshika usukani hivyo wamefunguliwa mashtaka Italia kama wasafirishaji haramu wa watu. Garrone amemwacha mtazamaji baharini akishangilia, na nadhani alijua anachofanya, lakini mzazi wa hapa anahitaji kuona na siku inayofuata.

Brazil walituletea I'm Still Here ya Walter Salles, iliyoshinda Oscar ya filamu ya kimataifa Machi 2025. Ni habari ya kweli. Januari 1971, wakati wa utawala wa kijeshi, watu walikuja nyumbani kwa Rubens Paiva kule Rio wakamchukua kwa mahojiano, naye hakurudi. Mkewe Eunice alilea watoto watano, akarudi kusoma sheria, akatafuta. Cheti cha kifo alikipata mwaka wa 1996. Miaka 25. Anakinyanyua mbele ya wanahabari anatabasamu, na ukiona tabasamu lile utaelewa ni nini kufurahi kwa sababu serikali imekubali hatimaye kuandika kwamba mumeo amekufa. Sisi tunaopita chini ya Nyayo House kila siku tukienda kutafuta pasipoti, sidhani tunahitaji kuelezwa zaidi. Fernanda Torres ndiye Eunice, na akizeeka anaigizwa na mama yake mzazi Torres, Fernanda Montenegro. Hilo pekee linatosha kuitazama.

Ya mwisho nimeihifadhi kwa sababu inatupeleka kwenye shida yenyewe. Anatomy of a Fall, ya Justine Triet, ilishinda Cannes mwaka wa 2023. Mwanamke Mjerumani, Sandra, ameolewa na Mfaransa, wanaishi milimani Ufaransa. Mume anaanguka kutoka ghorofani anakufa, na mke anashtakiwa. Nyumbani walikuwa wakizungumza Kiingereza kwa sababu si lugha ya yeyote kati yao, kama vile majirani wawili wanaokutana kwenye kichochoro kisicho cha mtu. Lakini mahakamani ni Kifaransa. Anajitahidi, anatafuta neno, anashindwa, anaomba aendelee kwa Kiingereza. Unaona jinsi mtu mwerevu anavyoonekana mjinga, au mwongo, kwa sababu tu lugha si yake. Katiba yetu, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Waandishi wa kifungu kile walijua wanachokisema.

Sasa nilipoiona mjini, maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Kila Sandra alipozungumza Kiingereza maandishi yalitoweka, kwa sababu eti hapo hayahitajiki. Nilikuwa nimemleta shangazi yangu. Shangazi anasoma Biblia ya Kiswahili bila miwani, na Kiingereza anakijua cha dukani. Kifaransa kilipokuja alijaribu kufukuza maandishi akachoka. Kiingereza kilipokuja hakuwa na chochote cha kufukuza. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama mke amesema ndiyo au hapana. Sikuweza kumjibu bila kuwaudhi waliokaa mbele.

Hiyo ndiyo hali ya mji wetu. Filamu hizi zinafika Nairobi. Alliance Française pale Loita Street wamekuwa wakizionyesha kwa miaka mingi, Goethe-Institut vilevile, tamasha la filamu za Ulaya huja, Kilimani kuna Unseen, na ukitaka za Kihindi Diamond Plaza kule Parklands hazikosekani. Nawashukuru wote hao, wamenisomesha. Lakini karibu kila mahali tafsiri ni ya Kiingereza. Mkaazi wa Gatina au Kangemi anaambiwa aelewe Wolof kupitia lugha ya tatu, kwa kasi ya macho ya mtu aliyemaliza chuo, na aanze kutafuta gari la kurudi usiku. Hafiki. Halafu tunasema watu wa mitaa ya chini hawapendi filamu nzito.

Wanapenda. Ushahidi uko vibandani. DJ Afro amejaza vibanda vya nchi hii kwa kufanya jambo moja: alichukua filamu za watu wengine akazisimulia kwa lugha yetu. Uganda wana ma-VJ wao wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu. Watu hao walielewa zamani kwamba mtazamaji hakatai filamu, anakataa kuachwa nje. Na ninasema hivi nikijua kwamba mambo ya hakimiliki katika kazi hiyo hayakunyooka, hilo tusilifiche.

Hata hivyo sitaki DJ asimulie Perfect Days. DJ hupenda kujaza kila nafasi. Kwa filamu ya ngumi ni sawa, anaongeza utamu, wakati mwingine anaizidi filamu yenyewe. Lakini mzee Hirayama hasemi neno kwa dakika nyingi mwanzoni. Ukimwekea utani juu ya ukimya ule umemwondoa. Prabha akikumbatia kile chombo gizani, nyamaza.

Ninachokitaka ni maandishi ya Kiswahili. Si jambo la ajabu. Mimi na wenzangu wawili tumejaribu kwa mazoezi kutafsiri vipande kadhaa, tukitumia kompyuta ya kawaida na programu ya bure. Kanuni ni chache: mistari isizidi miwili, kila mstari herufi kama 40 hivi, na usikae chini ya sekunde moja wala usizidi sekunde sita au saba. Tuliogopa kwamba Kiswahili ni kirefu. Mara nyingi si kirefu. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema "nilikuambia usije", sisi mawili yametosha. Ukifika kwenye uwanja wa ndege wa kimataifa, hapo kweli unabanwa.

Na kuna mahali Kiswahili kinakishinda Kiingereza wazi wazi. Mhindi akimwita mwanamke aliyemzidi umri, humwita "didi". Kiingereza hakina pa kuliweka, mara nyingi huandika jina tu, na heshima yote imepotea. Sisi tunaandika "dada", imekwisha. Mjapani akisema "Hirayama-san", sisi tuna "mzee Hirayama". Watu wa filamu hizi wanaitana kama tunavyoitana.

Pia kuna mahali tunaposhindwa. Katika ile kesi ya Ufaransa swali zima ni nani alimsukuma nani. Kiswahili kinasema "alimsukuma" na hakikuambii kama ni mke au ni mume. Tulihangaika jioni nzima. Tukaamua kuandika "mke" na "mume" kila mara, ingawa inasikika kama ripoti ya polisi. Na mwishoni mwa Perfect Days, majina yote yakishapita, wanaeleza neno moja la Kijapani, komorebi, ule mwanga wa jua unaochezacheza ukipenya kati ya majani. Hatukupata neno moja. Ukitaka kuliona, pita Arboretum saa tatu asubuhi utazame juu.

Vijana wameniuliza kwa nini tusiandike kwa Sheng. Kwa mazungumzo ya vijana ndani ya filamu, tuandike, sina shida. Lakini Sheng ya Kawangware ya mwaka huu si ya Dandora, wala si ya mwaka ujao, na shangazi yangu atakuwa ameachwa nje kwa mara ya pili. Kiswahili cha kwenye gari, kinachoeleweka na dereva na abiria, kinatosha. Kwa wale wasiosoma haraka, kuna njia ya Poland. Kule, kwenye runinga, filamu ya kigeni husomwa na mtu mmoja kwa sauti tulivu, maneno ya wote, huku sauti za waigizaji zikisikika kwa mbali. Halii wala hachekeshi. Anasoma tu. Kijana mwenye sauti nzuri ya kusoma habari, maikrofoni moja, na ukumbi wa kijamii.

Sasa kwa maafisa wetu. Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, imeorodhesha kazi za kaunti. Watu wanajua za soko, taka, kliniki. Wachache wanajua kwamba majumba ya sinema na maonyesho ya video yametajwa humo humo, pamoja na maktaba. Mpaka leo tunakutana na kazi hiyo hasa wakati wa leseni. Kibanda kimelipa au hakijalipa, kifungwe au kisifungwe. Sisemi leseni ziachwe, watoto lazima walindwe, na Bodi ya Kuainisha Filamu ina kazi yake ya kusema ipi ni ya watu wazima. Mbili kati ya nilizozitaja si za watoto. Ninachosema ni kwamba kazi hiyo ina upande wa pili, wa kuonyesha.

Majumba yetu ya zamani tumeyaona yakienda. Shan ya Ngara ikawa Sarakasi Dome, na hiyo ilipata bahati, angalau ni ya sanaa. Fox Drive-In ya Thika Road ni jina la kusimuliwa. Globe imebaki jina la mzunguko wa magari. Hatutajenga mengine. Lakini kumbi za kijamii zipo, zina paa, zina viti, na jioni nyingi zimefungwa kufuli. Projekta moja inaweza kuzunguka wadi. Haki ya kuonyesha ilipwe kwa wenye filamu, hadharani, isiwe ya kunyakua. Na taasisi za mjini ambazo tayari zina uhusiano na wenye filamu zinaweza kuombwa zisaidie. Watafsiri walipwe kitu, hata kidogo, kwa sababu kipande cha dakika kumi kilituchukua siku mbili.

Wenzangu wangependa tuanze na Parasite, wanasema itajaza ukumbi. Huenda. Mimi ningeanza na ya wale wauguzi wa Mumbai, na siku hiyo tumwalike mtu wa ofisi ya ardhi aketi nasi, asihutubu, atazame tu, halafu taa zikiwashwa awe na meza pale mlangoni kwa yeyote mwenye swali la karatasi.

Basi niulizeni. Yule mama wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mshahara wa Hirayama, tuanze naye.